Jiwe Linalolia

Ukigonga mwamba mzima kwa nyundo, unalia. Si mlio mkubwa. Ni kama jirani amegonga sufuria tupu jikoni kwake. Ukigonga jiwe lililolegea, halilii. Linasema "bu", basi. Nilitumia miezi 7 kujifunza tofauti ya sauti hizo mbili, na hata hivyo sikuielewa vizuri hadi ile Jumamosi ambayo karibu niue mtoto wa watu.

Mwamba wenyewe uko upande wa Bomet, juu ya kijito kinachoshuka kuelekea mto Kipsonoi, nyuma ya shamba la mzee mmoja mwenye chai kidogo na ng'ombe watatu. Jina la mahali silitaji. Mzee aliomba hivyo, nami nikakubali. Una urefu wa mita 18 hivi, na umejaa nyufa. Kwa kuwa kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri, umevaa kuvu, majani na vimiti vilivyojishikiza mahali ambapo hata wewe huwezi kuweka kidole. Watu wa hapo hawakuwa na haja nao. Ulikuwa ukuta wa pimbi wa kuota jua asubuhi, na wa nyuki.

Mimi nilizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa chai upande wa Kericho. Mama alichuma chai miaka 23. Nilipoenda chuo Nairobi, rafiki alinipeleka kukwea ukuta wa mbao ndani ya jengo, ile ya kulipa kwa saa, nikashikwa na ugonjwa ambao bado sijapona. Baadaye tukaenda Lukenya, kisha Hell's Gate kule Naivasha, nikasimama chini ya Fischer's Tower miguu ikitetemeka kama ya ndama. Nilipenda kila kitu isipokuwa kitu kimoja. Mountain Club of Kenya ilianzishwa mwaka 1949, na ndiyo iliyotuachia njia nyingi tunazokwea hadi leo, lakini majina mengi ya njia hizo ni ya Kiingereza, mizaha ya watu ambao walisharudi kwao zamani. Mimi nilitaka njia moja tu yenye jina ambalo mama angelielewa bila kutafsiriwa.

Kwa hivyo nilipouona ule ukuta, nikiwa nimeenda matanga kwa jamaa zetu, sikusikiliza tena hotuba.

Tulikuwa wanne: mimi, jamaa wawili wa Nairobi, na kijana wa boda wa hapo hapo aliyetubeba siku ya kwanza akakataa kuondoka. Mzee alitusikiliza kwa utulivu, kisha akauliza, "Na nani anawalipa?"

"Hakuna, mzee."

"Hakuna mtu huvunja mawe bure, mama. Sema tu ukweli. Ni dhahabu?"

Ilichukua wiki tatu kumsadikisha, na majirani nadhani hatukuwahi kuwasadikisha. Hadi leo kuna watu wanaoamini tunapima madini. Siwalaumu. Katika nchi ya chai, mgeni akija na kamba na vifaa akaanza kuangalia ardhi yako, historia inakwambia ufunge lango.

Kusafisha mwamba si kama kusafisha nyumba, ingawa zote mbili huanzia juu. Unafunga kamba kwenye mti mkubwa huko kileleni, miti miwili ikiwezekana, unaweka gunia mahali kamba inapogusa ukingo ili isikatike, kisha unashuka polepole. Unatangulia na panga: vichaka, mizizi, udongo. Kisha nyundo ndogo, unagonga na kusikiliza. Kisha mtaimbo kwa yale yasiyolia. Mwisho kabisa ni brashi ya waya, saa nyingi za brashi ya waya, hadi vidole vinakosa hisia. Chini yako hatakiwi mtu yeyote. Mmoja wenu anasimama kwenye njia ya miguu, kazi yake ni moja tu, kuzuia watu, na wewe kabla ya kuangusha chochote unapiga kelele, "Jiwe!"

Bolti huja baadaye. Unatoboa kwa drili ya betri, unapuliza vumbi lote litoke, unapigilia, unakaza. Kwa mvua ya kwetu lazima ziwe za chuma kisichoshika kutu, na hizo si rahisi kuzipata wala bei yake si ya mchezo. Njia moja ya mita 14 ilikula bolti 6 na mbili za nanga pale juu. Tulichanga kama watu wanaochangia harusi.

Na kazi yote ni ya asubuhi. Ikifika saa nane, mawingu kutoka upande wa Ziwa Victoria yanaanza kupandana. Nyanda hizi za chai zinajulikana kwa mvua ya mawe, na ukining'inia kwenye kamba wakati barafu inakupiga kwenye helmeti unajua kwa nini mchumaji chai hahitaji kuambiwa saa.

Jiwe la sehemu kubwa ya Kericho na Bomet linaitwa fonolaiti. Ni lava iliyomwagika mamilioni ya miaka iliyopita, ikapoa, ikapasuka. Jina linatokana na Kigiriki, maana yake jiwe lenye sauti, kwa sababu bapa lake ukiligonga linalia. Devils Tower kule Wyoming, Marekani, ule mnara ambao wakweaji wa dunia nzima wanauota, ni wa jamii hiyo hiyo ya mawe. Niliposoma hayo nilijiona tajiri. Nikaanza kuamini sikio langu kupita kiasi.

Jumamosi hiyo ilikuwa ya Septemba. Nilikuwa katikati ya ukuta, upande wa kushoto. Mbele yangu kulikuwa na jiwe dogo, kama tofali. Nililigonga: bu. Juu yake jiwe kubwa, kama mtungi wa gesi wa kilo 13. Nililigonga: likalia, safi kabisa. Nikaamua dogo litoke, kubwa libaki, litafaa kushikwa.

Nilipiga kelele, nikasukuma mtaimbo. Dogo likatoka. Kubwa likalifuata.

Kumbe lile dogo ndilo lililokuwa kabari. Lile kubwa lilikuwa limebanwa sawasawa, ndiyo maana lililia. Mlio unakuambia habari za jiwe lenyewe. Haukuambii limeshikiliwa na nini.

Lilipita kando ya goti langu, likagonga ukingo, likaruka kijito, likaingia kwenye chai ya mzee. Nilisikia mashina yakivunjika, moja baada ya jingine. Na pale mwisho wa mistari, kwenye njia ya miguu, alikuwa amesimama mjukuu wa mzee, miaka 9, ameshika kamba ya ndama. Jiwe lilisimama kama hatua 5 kutoka kwake. Mwenzetu wa kulinda njia alikuwa amesogea chini ya mti dakika moja iliyopita, kwa sababu matone yalianza. Mimi ndiye niliyesema tumalizie hilo moja kabla mvua haijashika.

Mtoto alicheka. Alidhani ni mchezo. Mimi nilining'inia pale nikiwa siwezi kufungua mkono.

Tulihesabu mashina 11 yaliyovunjika. Mche wa chai huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuanza kuchumwa vizuri, kwa hivyo hayakuwa majani tu tuliyoharibu, ilikuwa ni karo ya mtu. Tulilipa. Tulipanda miche mingine. Mzee hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Aliyeongea ni mkewe, kogo, ambaye miezi yote hiyo alikuwa akitupa chai na kunyamaza.

"Mnasema mnasafisha," aliniambia. "Nani aliwaambia ni chafu?"

Nilifungua mdomo, sikuwa na jibu. Wazungu waliofungua mashamba makubwa ya chai Kericho miaka ya 1920 nao waliona msitu na malisho wakasema ni vichaka vinavyongoja kusafishwa. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa ukoo wa Talai kutoka Kericho hadi Gwassi, mbali na kwao. Sisemi brashi yangu ya waya ni sawa na hayo. Nasema nilikuwa nimetumia neno lile lile bila kulichunguza. Na kuna jambo moja linafanana: ukishang'oa, hurudishi. Hakuna gundi ya kurudisha jiwe lililokaa pale tangu kabla ya binadamu.

Tulikaa miezi miwili bila kugusa kamba. Tuliporudi, tulirudi na masharti ya kogo. Upande wa kushoto, wenye nyuki na mawe yanayoshikana kama watu kwenye matatu, hauguswi tena. Njia ya miguu tuliisogeza mita 20 kutoka chini ya ukuta, tukaifyeka wenyewe. Tukiwa kazini, watu wawili wanasimama njiani, na hakuna kinachoangushwa shule zikiwa zimefungwa. Na mimi, kabla ya kutoa jiwe lolote, sasa nauliza swali la pili: nani amekaa juu yako?

Mama alikuja Desemba. Hana kazi ya chai tena. Mashine ziliingia shambani, na mikono kama yake ikaonekana mingi. Mwaka 2023, waandamanaji walipochoma mashine za kuchuma chai Kericho, yeye alikuwa ameshatoka, akatazama video kwenye simu yangu bila kusema chochote. Nilikuwa nimeogopa kumwambia kwamba mtoto aliyemsomesha kwa kikapu anatumia mshahara wake kununua bolti. Nilimwambia pia habari ya mtoto na ndama. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Ungeacha kabisa ningekuelewa. Lakini usiseme ilikuwa bahati mbaya."

Sijasema tena.

Alikaa kwa kogo, wakinywa chai, nami nikapanda kukagua njia yetu ya kwanza kwa mara ya mwisho, nikigonga kila mahali pa kushika. Ti. Ti. Ti. Nilipofika kwenye nanga nilimsikia akimuuliza kogo kwa sauti ya juu, kama mtu aliyekerwa, "Huyu anaosha sufuria huko juu, au?"

Kogo alicheka. Kijana wa boda, aliyeshika kamba yangu, akacheka pia.

Kwa hivyo njia inaitwa hivyo, Sufuria. Mita 14, bolti 6, si ngumu. Ukija, piga hodi kwanza kwa mzee, vaa helmeti, ondoka kabla ya saa nane. Na ule upande wa kushoto, uuache jinsi ulivyo.