Jina Ukutani

Mimi ni fundi wa rangi. Kule Bukavu nilipaka nyumba, maduka, hata makanisa mawili. Tulipokimbia kupitia Uganda tulilala siku tatu Tororo, kwenye baraza la kanisa. Mdogo wangu alikuwa bado nyuma na simu hatukuwa nayo. Basi nikaokota mkaa, nikaandika jina langu ukutani, na chini yake: TUMEENDA KENYA.

Miaka miwili baadaye nilipata kibali cha kutoka kambini, nikaenda kupaka duka mjini Busia. Jumapili moja mwenzangu, Mteso, akaniambia twende Kakapel. Matatu hadi Malaba, halafu boda.

Ni mwamba mkubwa ulioinama kama dari. Juu yake kuna miduara ndani ya miduara, nyekundu na nyeupe, na ng'ombe wasio na nundu. Wachoraji walishakufa zamani sana. Mzee tuliyemkuta pale alisema kuna mtu aliwahi kuandika jina lake kwa rangi juu ya michoro hiyo. Mwaka 2004 serikali ya Kenya ikaitangaza sehemu hiyo kuwa kumbukumbu ya taifa, na wataalamu wakaja kulifuta lile jina pole pole, wasiumize kilichoko chini.

Nikamwuliza, "Sasa mzee, hapa palipofifia mbona hawakupaka upya? Mimi kopo moja tu linanitosha."

Akacheka. "Kijana wangu, ukipaka itakuwa yako. Haitakuwa yao tena."

Huku kambini mfanyakazi mmoja wa shirika alinieleza kwamba hata Italia, kwenye picha zilizochorwa juu ya chokaa mbichi makanisani miaka 500 iliyopita, ndivyo wanavyofanya. Wanatoa masizi ya mishumaa. Plasta ikiwa imedondoka, wanajaza kwa vistari vyembamba, ili ukisogea karibu uone kipi kipya.

Nilisikia aibu. Mimi pia niliandika jina kwenye ukuta wa watu.

Mwaka jana dereva wa lori alinipitia pale Tororo. Akapiga simu: ukuta umepakwa upya, unang'aa. Mdogo wangu hajafika mpaka leo. Sijui alipita kabla ya rangi au baada.

Fundi mzuri husugua mkaa kwanza ndipo apake, la sivyo unajitokeza tena. Naomba Mungu aliyepaka ule ukuta awe fundi mbovu.