Mkoba wa Kismayu

Ukitoka Kiunga kwa chombo, ukaipita Ras Kamboni, unaingia katika maji ya Wabajuni wa Somalia. Visiwa vyao vimejipanga sambamba na bara kama shanga zilizokatika uzi: Chula, Chovai, Ngumi, Koyama na vingine vidogo. Ni visiwa vya matumbawe, na kama ilivyo katika visiwa vya namna hiyo, mawe ni mengi na maji matamu ni haba. Nyumba za zamani zilijengwa kwa mawe hayohayo na chokaa iliyochomwa papo hapo. Mbele kabisa upande wa kaskazini ndiko uliko Kismayu, mji ambao wenyeji husema jina lake latokana na kisima, yaani kisima cha juu.

Mji huo umewaona watawala wengi. Ulikuwa chini ya Sultani wa Unguja. Mwaka 1875 majeshi ya Misri yaliuteka, yakakaa miezi michache, yakaondoka. Wakaja Waingereza, na mwaka 1925 wakaukabidhi pamoja na Jubaland yote kwa Waitalia. Uhuru wa Somalia ulipatikana mwaka 1960, na bandari ya sasa ikajengwa katika miaka hiyo ya 1960 kwa msaada wa Marekani. Serikali ya Siad Barre ilianguka Januari 1991. Yaliyofuata wasomaji wetu wengi wanayajua, na baadhi yao wanayajua kwa miguu yao wenyewe, kwani ni askari wa Kenya walioshuka kutoka baharini mwishoni mwa Septemba 2012, wakawaondoa Al-Shabaab waliokuwa wameushika mji tangu Agosti 2008.

Mimi nilifika huko kwa shughuli za ofisi, kwa siku nne tu, wala sikwenda kuandika habari za vita. Ninayotaka kueleza ni habari ya mfuko.

Kabla ya kuondoka nilinunua dukani mfuko wa mgongoni, wa rangi ya majani iliyochanganywa na udongo na madoa meusi, wenye kamba nyingi za kuning'inia. Muuzaji alinisifia sana. Alisema ni shanta halisi ya kijeshi, nami nikajiona nimejitayarisha. Katika kizuizi cha kwanza cha barabarani mlinzi alinitazama usoni mara moja, akautazama mfuko mara tatu. Niliambiwa niumwage wote chini. Nguo zangu, vitabu vyangu, mswaki na sabuni vilikaa juani karibu saa nzima huku wenzangu wakinisubiri garini. Sikumlaumu mlinzi. Yeye aliona mtu asiye askari amebeba kitu cha askari, na katika mji kama ule hilo ni swali linalotaka jibu.

Ndugu zetu wa majeshi wanalijua jambo hili kuliko sisi raia. Sheria za nchi zetu zinamkataza raia kuvaa sare ya askari, lakini madukani rangi zile huuzwa katika mifuko, kofia na hata viatu vya watoto. Mzazi humnunulia mwanawe kwa kuona ni pambo. Nasema bila kusita kwamba ni pambo baya. Siku ya shida, mtu wa kawaida hutaka kupita bila kuangaliwa. Askari naye akiwa likizoni, ndani ya basi la kwenda kwao, hana haja ya kuwatangazia abiria wote kazi yake kwa mfuko alioubeba. Mfuko wa rangi ya kahawia, ya kijivu au ya buluu iliyopauka, usio na maandishi makubwa, hupita popote.

Wabajuni hawakufundishwa haya na mtu. Ni mabaharia na wavuvi, na ndio waliokuwa mafundi na manahodha wa mitepe, vile vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi, vikisafiri kwa matanga ya mkeka. Watu walioweza kufuma tanga la kuzuia upepo wa kusi hawakushindwa kufuma kitu cha kubebea. Miyaa ileile ilisukwa ukili, ukili ukashonwa ukawa kikapu, kanda la nafaka, au fumba, ambalo ni mkeka ulioshonwa kama mfuko. Baharia hulala ndani yake, na akifa safarini huzikwa nalo baharini. Hakuna mwizi aliyegeuza shingo kwa ajili ya kikapu cha ukili. Kikapu cha samaki na kikapu chenye dhahabu ya bibi arusi hufanana kwa nje, na uzuri wake uko hapo.

Jambo hilo nilielezwa na mama mmoja wa makamo, mzaliwa wa Chula, aliyerudi Kismayu baada ya miaka mingi ya kukaa Mombasa. Tulikaa barazani kwa jamaa zake, nami nikamweleza kisa cha mfuko wangu wa madoa. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa leso.

"Mwanangu," akasema, "sisi tulipokimbia, waporaji walichukua masanduku. Kikapu changu walikipiga teke, wakakiacha."

Ndani ya kikapu hicho, chini ya dagaa, mlikuwa na bangili za mama yake. Bangili hizo ndizo zilizolipa nauli ya watoto wanne.

Nikamwuliza habari za masanduku. Hapo alinyamaza kidogo. Sanduku moja la bati lilinusurika kwa waporaji, likapakiwa chomboni pamoja nao. Usiku bahari ilichafuka, chombo kikajaa maji, nahodha akaamuru kila kizito kitupwe. Sanduku likaenda. Ndani yake zilikuwamo karatasi zote za nyumba: cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, hati ya shamba la minazi la marehemu baba yake na barua za kazi za mumewe.

"Bangili nilizificha vizuri," akasema. "Karatasi nilizitia kwenye kitu kizito. Sikujua kipi ni dhahabu."

Msomaji asidhani ni maneno ya mama mmoja tu mwenye majuto. Wabajuni wengi waliokimbilia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikaa katika kambi za Mombasa, Utange ikiwa mojawapo, na kambi hizo zilifungwa kabla ya miaka hiyo ya 1990 kwisha. Wengine walifika Uingereza kuomba hifadhi. Huko walitakiwa wathibitishe kwamba ni Wabajuni wa visiwa vya Somalia, si watu wa Kenya, kwani Wabajuni wako pande zote mbili za mpaka na lugha yao ni jamaa ya karibu ya Kiswahili. Vyeti hawakuwa navyo, na serikali ambayo ingevitoa upya haikuwapo tena. Wakapimwa kwa midomo yao: waliulizwa majina ya visiwa, wakasikilizwa namna wanavyotamka. Mwaka 2004 baraza la rufaa la mambo ya uhamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi uliozungumzia hasa suala hilo la Mbajuni na uwezo wake wa kusema Kibajuni. Fikiri juu ya kijana aliyezaliwa kisiwani lakini akalelewa Mombasa, akazoea Kimvita cha mtaani. Ulimi wake ulimponza, na karatasi ya kumtetea ilikuwa chini ya bahari.

Kwa hiyo niliporudi mjini nilimtafuta fundi. Karibu na bandari, ambayo imejengwa juu ya kisiwa kilichounganishwa na mji kwa njia ya mawe, nilimkuta mzee mmoja anayeshona matanga na maturubai, na akipata nafasi hushona mifuko. Nilimwamkia, akaniitikia, na nilipomwambia nataka mfuko wa mgongoni wa kudumu alitaka kwanza aone ule nilio nao. Aliugeuza ndani nje. Akavuta mkanda wa begani kwa nguvu, mshono ukalia. Kisha akanionyesha zipu, ambayo kwa siku tatu tu za hewa ya chumvi ilikuwa imeanza kukwama.

Nikajifunza kwake mengi kuliko niliyowahi kusoma. Mfuko, alisema, hufa begani kabla ya kufa mahali pengine. Tazama pale mkanda unapokutana na mwili wa mfuko. Mshono wa mstari mmoja ni wa kuuzia. Mshono wa kubebea ni wa mraba, wenye mistari miwili inayokatana ndani yake, na nyuma yake pametiwa kipande kingine cha kitambaa ili uzi usile nguo. Uzi wenyewe uwe wa nailoni, ule wa kutengenezea nyavu. Uzi wa pamba huoza kwa jasho na chumvi.

Kuhusu kitambaa alikuwa na maoni makali. Maradufu ni imara, hushonwa tena kikichanika, na uzi wake hufura kidogo ukilowa hata maji yakachelewa kupenya. Lakini kikilowa ni kizito, na kikiwekwa kibichi huota ukungu. Nailoni ni nyepesi, ila jua la miaka huila. Turubai la gari huzuia maji kuliko yote, bali usikubali kipande kikuukuu kabla ya kukikunja na kukikwaruza kwa ukucha: kikionyesha nyufa nyeupe, kimekwisha. Zipu ya chuma aliikataa kabisa. Mdomo wa mfuko, kwa maoni yake, ufungwe kwa kamba, ukunjwe mara mbili, halafu ufunikwe na kifuniko chenye mkanda. Aliye na zipu tayari, aisugue kwa mshumaa mara kwa mara.

"Na maji yakiingia, mzee?"

"Yataingia," akajibu. "Mfuko hauzuii bahari. Kopo ndilo linalozuia."

Maana yake ni lile kopo la plastiki lenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha, ambalo wavuvi hutilia kiberiti, tumbaku na fedha. Likianguka majini huelea. Humo ndimo karatasi zinamostahili kukaa, zikiwa zimezungushwa bila kukunjwa: vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, nakala za vitambulisho, kadi za kliniki za watoto, hati ya kiwanja. Kwa familia ya askari ongeza namba yake ya kazi na anwani ya mahali pa kupeleka habari, kwani mume anaweza kuwa mbali wakati nyumba inapohamishwa. Nakala nyingine iachwe kwa ndugu wa mji mwingine.

Yaliyobaki ni ya kiasi: maji, tende au karanga, dawa za anayetumia dawa kila siku, tochi, leso moja kubwa ambayo ni shuka, ni kamba, ni mbeleko ya mtoto. Mimi nimejiwekea kipimo changu. Nikiubeba mfuko na nisiweze kukimbia nao hatua mia mbili, nautoa kitu. Tarehe 26 Desemba 2004, mawimbi makuu yaliyotoka upande wa Sumatra yalipofika Somalia na kuua karibu watu 300, wengi wao upande wa Hafun kaskazini, waliosimama kukusanya vyombo hawakuwa na muda wa kuvikusanya.

Mfuko mkaao kabatini ukisubiri msiba, hata hivyo, husahauliwa. Panya huutoboa, dawa hupitwa na tarehe, mtoto hukua nguo zikabaki ndogo. Huu wangu, wa maradufu ya kahawia, nakwenda nao kazini kila siku na mafaili na chakula cha mchana. Jioni mafaili hutolewa, kopo la karatasi hurudishwa mahali pake, mfuko ukatundikwa nyuma ya mlango. Ule wa madoa niliukata vipande. Wafaa kupangusia baiskeli.

Nilipomlipa mzee yule nilimwuliza mfuko utadumu miaka mingapi. Aliupindua tena, akavuta mkanda kama alivyovuta ule wa kwanza, na safari hii haukulia. Akaniambia nikija Kismayu mara nyingine niulete auone.