Dhahabu Isiyo na Uzito

Najua nitakalosema litawaudhi vijana wenzangu wengi, lakini acha niseme: gemu ya Skyrim siipendi. Wala sisemi kwa kusikia. Nimeicheza kwenye kompyuta ya binamu yangu zaidi ya mwezi mzima, umeme ukiruhusu. Ilitolewa na kampuni ya Bethesda ya Marekani tarehe 11 Novemba 2011, ikazoa tuzo, na mwaka 2023 watengenezaji walitangaza kuwa nakala zilizouzwa zimepita milioni 60. Binamu yangu ananiambia, "Wewe si unataka kuandika riwaya? Jifunze hapa. Unakwenda unakotaka, dunia nzima imo humu."

Ni kweli, ile milima yake ya theluji inapendeza mno. Ugomvi wangu hauko kwenye picha. Uko kwenye mzigo.

Mchezaji huanza akiwa na uwezo wa kubeba vitu vya uzito wa 300. Ukizidisha, hukimbii tena, unajikokota. Nilipoona hivyo nikasema, ala, hawa jamaa wanaijua safari! Lakini dhahabu, ambayo ndiyo fedha ya nchi ile, haina uzito hata chembe. Unatembea na maelfu ya sarafu kama umebeba hewa. Tena mahali ulipokwisha kufika mara moja, unabonyeza ramani tu, tayari umefika. Na mzigo ukikushinda, yupo Lydia, askari wa kike unayekabidhiwa na mtawala wa Whiterun baada ya kuua joka. Ameapa kukubebea mizigo. Hadai ujira, hadai posho. Wachezaji hucheka kwamba sauti yake ina kejeli anapokwambia hivyo. Kwangu mimi kejeli hiyo ndiyo kitu cha kweli kuliko vyote mle ndani, ila haimfikishi popote.

Mimi ni mtoto wa Tabora, na huku kwetu mzigo una historia. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita hapa kati ya Bagamoyo na Ujiji, na Wanyamwezi ndio waliosifika kwa upagazi. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kama kilo 32, kichwani au begani, kwa miezi. Na fedha ya safari ndiyo iliyokuwa mzigo wenyewe: merikani, kaniki, shanga, nyaya za shaba. Hongo ya watemi wa Ugogo ililipwa kwa nguo ambazo mtu fulani alizibeba kutoka pwani. Fedha isiyo na uzito haikuwapo.

Wala wapagazi hao hawakuwa akina Lydia. Walipatana ujira, walidai posho, walijigawa makundi ya kula chungu kimoja, na wakionewa waligoma au walitua mizigo wakatoroka. Mzungu Richard Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora hii, mwaka 1857, aliwalalamikia sana kitabuni mwake. Malalamiko yake mimi nayasoma kama sifa.

Mwaka 1873 maiti ya Livingstone ilipitishwa Kwihara, jirani kabisa na hapa, ikipelekwa pwani. Chuma na Susi tunawataja mpaka leo. Wengi wa wenzao waliopokezana mzigo ule hatuwasikii.

Kwetu husimuliwa kwamba babu wa bibi yangu alikwenda pwani mara tatu akiwa mpagazi, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Jina lake tunalo. Alichobeba hatukijui. Huyo ndiye ninayemwandikia riwaya, na sasa nimejaza madaftari mawili. Rafiki mmoja aliyeyasoma amenishauri, "Mhusika wako hana nguvu, bwana. Mfanye mteule, mpe upanga." Anazungumza Skyrim hiyo hiyo, ambamo wewe peke yako una roho ya joka, na watu wengine wote wamesimama njiani wakikusubiri wewe uje.

Binamu yangu hunijibu kwamba gemu ni ya kupumzisha akili, nani atafurahi kuhesabu posho? Ana haki. Mtu aliyeshinda juani akiuza matunda haombi tena mzigo jioni. Lakini riwaya yangu ikimpa babu upanga na ramani ya kubonyeza, nitakuwa nimemtua mzigo, na pamoja nao nimemwondolea kila alichokipigania: ujira wake, wenzake wa chungu kimoja, haki yake ya kukataa.

Basi upanga simpi. Anayeipenda Skyrim na aendelee, sina neno naye. Ila ninyi wenzangu mnaoandika, mkimtuma mhusika safari ndefu, tuambieni na aliyebeba chakula.