Macho ya Wavu na Jukwaa Lililozama

Mvuvi wa pwani hahitaji kufunzwa kwamba wavu ni macho yake. Jarife la papa lina macho mapana. Wavu wa dagaa una macho madogo. Wahandisi nao wana wavu wao, ila wao huutandaza juu ya umbo la kitu wanachokusudia kukijenga: daraja, bawa la ndege au ukuta wa zege. Umbo hilo hugawanywa katika vipande vidogo viitwavyo elementi, kisha tarakilishi hukadiria mkazo uliomo katika kila kipande. Richard Courant alitumia pembetatu za namna hii mwaka 1943, na jina la mbinu yenyewe lilitolewa na Ray Clough mwaka 1960. Kwa Kiswahili, "elementi zenye ukomo" inatosha kwa sasa, japo wanaistilahi wana haki ya kununa.

Tatizo ni kujua macho ya wavu huu yawe madogo wapi. Tarehe 23 Agosti 1991, karibu na Stavanger nchini Norway, kitako cha zege cha jukwaa la Sleipner A kilikuwa kikishushwa majini taratibu kwa majaribio. Kilikuwa na matangi 24 yaliyoshikana, na kati ya matangi matatu matatu palibaki uwazi wa pembetatu ulioingiza maji ya bahari. Kilipofika kina cha mita 65 hivi, ukuta mmoja wa uwazi huo ulipasuka. Kitako kizima kikazama na kusagika, na kishindo chake kikanaswa na vipima tetemeko. Hakuna aliyekufa, lakini hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 700.

Uchunguzi ulibaini kwamba pale penye pembe za uwazi ule, elementi zilikuwa chache tena zimepindwa vibaya. Kwa hiyo nguvu ya kuukata ukuta ilikadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Hesabu ilipofanywa upya kwa uangalifu zaidi, ilionyesha kuwa ukuta ungevunjika kwenye mita 62. Yaani jawabu lilikuwa likipatikana kabla ya tone la kwanza la zege kumwagwa!

Mtu atauliza: kwa nini wavu wote usifumwe kwa macho madogo? Gharama haikubali. Katika umbo la pande tatu, kila upande wa elementi ukigawanywa nusu, elementi moja huzaa nane. Ndiyo maana wavu unaojirekebisha una thamani. Ivo Babuška na Werner Rheinboldt walionyesha mwaka 1978 jinsi ya kukadiria kosa baada ya hesabu kufanywa. Zienkiewicz na Zhu wakaleta njia nyepesi mwaka 1987: mkazo unaoruka ghafla kutoka elementi moja hadi jirani yake hulainishwa, na tofauti kati ya mkazo wa awali na uliolainishwa huwa kipimo cha kosa. Tarakilishi hukokotoa, hupima kosa, huteua elementi zenye kosa kubwa, huzigawa, kisha huanza tena. Katikati ya ukuta mtulivu macho hubaki mapana. Penye pembe kali husongamana.

Hata hivyo, kipimo hicho hupima kosa la hesabu peke yake. Katika ukuta wa Sleipner, baadhi ya vyuma vilivyopaswa kuushika vilikuwa vifupi mno, na hilo si jambo ambalo wavu wowote, uwe na macho madogo kiasi gani, ungeligundua.