Harufu ya Balungi kwenye Gereji ya Jirani

Najua nimekuwa kimya mno. Likizo yangu ya siku 28, ile niliyomlilia mhariri tangu mwaka jana, hatimaye imetoka, na hivi ninavyoandika niko Corvallis, mji mdogo katika jimbo la Oregon, Marekani, kwa dada yangu anayesoma shahada ya pili. Niliahidi kuwaandikia mambo mazito ya huku. Badala yake naandika kuhusu pombe. Walokole mnisamehe.

Jirani wa dada ni mzee mstaafu anayepika bia kwenye gereji yake. Siyo gongo, jamani, ni bia ya shayiri, halali kabisa kisheria. Rais Jimmy Carter alitia saini sheria hiyo Oktoba 1978, ikaanza kutumika Februari 1979: mtu mzima anaruhusiwa kutengeneza galoni 100 kwa mwaka kwa matumizi ya nyumbani, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200. Kuuza ndiyo marufuku. Niliposikia nilicheka, dada akanikata jicho. "Usicheke. Jumamosi nenda kamsaidie, anapenda wageni."

Nikaenda. Nilikuta masufuria, ndoo, mpira wa kunyonyea, kipimajoto na mizani ndogo kama ya sonara. Mzee alikuwa anapika eli ya kiangazi, yaani bia nyepesi ya rangi ya majani makavu, ya kunywa jioni jua likiwa bado linawaka saa mbili usiku (ndiyo, huku kiangazi jua halina haraka). Kilo nne za kimea cha shayiri na nusu kilo ya ngano vililoekwa kwenye maji ya nyuzijoto 66 kwa saa nzima. Akachuja. Kilichotoka kilikuwa kitamu, kizito kidogo, cha vuguvugu. Nikaonja nikamwambia: sisi hii tunaiita togwa. Akaniomba nirudie neno hilo mara tatu.

Halafu akafungua friza, akatoa paketi, akaikata na kunisogezea puani.

Wadau, mimi neno hopsi nimelisoma kwenye lebo za chupa za bia tangu nianze kunywa, na sijawahi kujiuliza ni kitu gani. Kumbe ni maua. Ni mmea unaopanda kamba hadi mita tano na zaidi, wenye dume na jike mbalimbali, na kinachotakiwa ni maua ya jike tu, yenye unga wa njano ndani. Ukoo wake ni mmoja na bangi, lakini haulewi kwa kuvuta, msihangaike. Kwetu haustawi vizuri kwa sababu unataka siku ndefu za kiangazi, nasi siku zetu ni saa 12 mwaka mzima. Ile paketi ilinukia balungi lililomenywa sasa hivi, na nyuma yake maua, na nyuma zaidi kitu kama msitu baada ya mvua.

Aina ile inaitwa Cascade, jina la milima ya huku, na mzee aliionea fahari kama vile ni mtoto wa mtaa. Ana haki. Ilizalishwa hapahapa Corvallis, na watafiti wa Wizara ya Kilimo wakishirikiana na chuo kikuu cha jimbo. Mbegu yake ilikusanywa mwaka 1956. Upande wa mama ana damu ya Fuggle wa Uingereza na Serebrianka wa Urusi. Baba hajulikani, chavua ililetwa na upepo. Ilingoja hadi 1972 ndipo ikatolewa kwa wakulima. Wakati ule bia nyingi za viwanda vikubwa vya Marekani hazikutaka harufu kali namna ile. Walioipa heshima ni wapikaji wadogo: Anchor ya San Francisco iliitumia kwenye Liberty Ale mwaka 1975, kisha Sierra Nevada ya Chico, iliyoanza kupika 1980, ikaijengea jina kwa bia yake ya Pale Ale. Wapikaji wa majumbani nao wakaidaka.

Sasa kazi yenyewe. Mzee alianza kuchemsha lile togwa, akatia gramu 15 tu za hopsi mwanzoni. Nikamuuliza, mbona kidogo hivyo na harufu ndiyo unayoitaka? Akaeleza kwamba uchungu na harufu ni wateja wawili wasiokula sahani moja. Uchungu unatokana na asidi zilizomo kwenye ule unga, nazo zinataka kuchemka muda mrefu, kama saa nzima, ndipo zibadilike na kuyeyuka. Harufu iko kwenye mafuta, na mafuta yale yanapaa na mvuke. Ukiyachemsha saa nzima umewanukishia majirani, siyo bia yako. Kwa hiyo alitia gramu 20 zikiwa zimebaki dakika kumi, kisha akazima moto, akangoja joto lishuke chini ya nyuzi 80, ndipo akamwaga gramu 30 na kufunika kwa dakika ishirini. Baadaye, pombe ilipokuwa imekaribia kumaliza kuchacha kwenye ndoo, aliongeza gramu 40 kavu, bila moto wowote, zikakaa siku tatu. Gereji nzima ilinuka balungi. Mbwa wake alifungiwa nje kwa sababu hopsi ni sumu kwa mbwa.

Nilikuwa naandika yote haya kwenye daftari, kazi ni kazi, na hapo kwenye "zima moto kwanza" ndipo mkono ulisimama.

Mama yangu hupika mbege. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, na ada zangu zote, pamoja na nauli ya kwenda chuo kikuu, zilitoka kwenye vile vipipa nyuma ya nyumba yetu Kilimanjaro. Ndizi mbivu zinachemshwa mpaka ziwe nyekundu, zinaachwa siku kadhaa, zinachujwa, zinachanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Na wa kutia uchungu ni msesewe, gome la mti. Mama hana mizani. Hupima gome kwa vidole, hunusa, hupunguza. Msesewe ukizidi, alikuwa akisema, pombe inagoma kooni. Nimelisikia hilo utoto wangu mzima na sikuwahi kuandika hata mstari mmoja.

Nilichoandika ni kingine. Miaka miwili iliyopita nilitumwa kufuatana na operesheni dhidi ya pombe za kienyeji, wilaya nyingine kabisa, siyo kwetu. Mgambo walimwaga mapipa, mimi nikaandika. Habari ilitoka ukurasa wa tatu. Nimeisoma tena juzi kwenye simu: "pombe chafu" nimelitumia mara nne. Kiongozi wa msafara nimemnukuu mara tatu. Kati ya wale akina mama, waliokuwa wamesimama pembeni na kanga viunoni, sikumhoji hata mmoja. Na chuoni, kama mnataka nimalizie kabisa, nilikuwa nikiulizwa mama anafanya kazi gani nasema mfanyabiashara.

Mama huniwekea habari zangu zote, amezikata kwa mkasi, ziko kwenye kopo la biskuti. Krismasi iliyopita nilizipekua. Ile haimo. Hakuna aliyesema kitu, tukala.

Jumatano hii tulifungua chupa ya kwanza. Ilikuwa nzuri, sitawadanganya: nyepesi, kilevi kama asilimia tano hivi, uchungu unagusa ulimi na kuondoka, halafu lile balungi linabaki puani. Ingefaa kuachwa wiki moja zaidi, povu lilikuwa bado changa, lakini ndege haingoji. Usiku nikampigia mama kwa WhatsApp.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huko mnakula?"

Nikamweleza habari ya mzee na gereji. Nilidhani atacheka kama nilivyocheka mimi. Hakucheka. Aliuliza hayo maua yanavunwa mwezi gani (mwishoni mwa Agosti na Septemba, nikamwambia), yanakaa muda gani kabla hayajaharibika, na kwa nini yanatunzwa kwenye friza. Nikamjibu kwamba yakizeeka yananuka kama jibini. Jibini hajali, akauliza hilo la kutia moto ukishazimwa.

"Hilo ni la kweli," akasema. "Msesewe nao una wakati wake. Na wewe hiyo bia yake umeionja?"

"Nimeionja, mama."

"Ile nyingine hukuonja."

Sikuwa na la kusema. Nikasikia kuku nyuma yake, huko ilikuwa asubuhi. Nikamwambia hapana, sikuonja, wala sikumuuliza mtu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema Desemba nisije tarehe 24 kama mgeni. Nije mapema, ndizi zinataka siku, na nije na hilo daftari langu.

Likizo yangu imeisha yote, kwa hiyo zitakuwa siku za bila malipo. Nimemwandikia mhariri kuomba tano. Mpaka sasa hajajibu.