Kinyozi Niliyempita Nikiangalia Chini

UKISHUKA kwenye matatu mjini Kitale siku hizi, utaitwa na vijana wanne kabla hujavuka barabara. "Bosi, karibu unyolewe!" Ndani mna viti vya kuzunguka, taa za rangi, taulo ya moto na msichana wa kukukanda mabega. Bango limechapishwa picha za wachezaji kandanda wa Ulaya, na chini yake nambari ya kulipia kwa simu. Sina ugomvi na vijana hao. Lakini kila nikifika Kitale, macho yangu hutafuta kibaraza ambacho hakipo tena.

Kilikuwa mbele ya duka la kale la Mhindi, lenye paa la mabati na nguzo za mbao. Hapo ndipo alipofanya kazi kinyozi wetu. Watu wazima walimwita Fundi. Sisi watoto tulimwita kuka, yaani babu kwa Kibukusu, maana yeye naye alitoka kwetu Bungoma. Mali yake ilikuwa kiti kimoja, benchi, redio, kioo kilichopasuka pembeni na shuka iliyokuwa nyeupe zamani. Ubao wake ulichorwa kwa mkono vichwa vitatu, panki, boksi na Jordan, na vyote vilikuwa na uso wa mtu mmoja! Ukutani ilining'inia kalenda ya AFC Leopards, ukumbusho wa enzi walipotwaa kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982 hadi 1984. Walipolitwaa tena mwaka wa 1997, kuka hakuibadilisha. Alidai hao wapya hawakujua kupeana pasi.

Kazi ya kinyozi ni kazi ya mgeni. Haihitaji shamba wala duka. Nchini Marekani, wahamiaji kutoka Italia walisifika kwa kazi hiyo miji mingi. Hata mwimbaji Perry Como, mwana wa Wataliano, alikuwa kinyozi kule Canonsburg, Pennsylvania, kabla ya kupata umaarufu. Kitale nao ni mji wa wageni. Reli ilifika mwaka wa 1926, na watu wakazidi kumiminika kutafuta vibarua katika mashamba ya walowezi. Mtu akitoka Bungoma bila mwenyeji, alielekezwa kwa kinyozi. Pale benchini alijua nani anaandika watu kazi, nyumba ipi ina chumba Tuwan au Matisi, na nani kafiwa nyumbani.

Mashine yake ilikuwa ya mkono. Unabana mishikio miwili, meno ya juu yanateleza juu ya meno ya chini, nywele zinakatika. Ikiwa butu, haikati bali inang'oa, na mtoto hutoa machozi bila kuchapwa. Kuka aliitia mafuta ya cherehani kila asubuhi. Kwa shingo na paji la uso alitumia wembe wa kukunja, akiunoa kwenye mkanda wa ngozi.

Wembe huo ndio ulioleta taabu.

Mwaka wa 1998 babu yangu alifariki, tukamzika karibu na Chwele. Desturi ya Wabukusu ni kwamba wafiwa hunyolewa baada ya mazishi. Kuka alifika na Peugeot ya asubuhi kutoka Kitale, mashine yake ndani ya kopo la Kimbo. Alitunyoa sote chini ya mwembe, nyanya, baba, ami zangu na sisi wajukuu, kwa wembe mmoja. Hakutaka hata senti.

Novemba 1999 Rais Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa. Mama alikuwa amekwisha kumzika rafiki yake kwa ugonjwa huo, na alipokumbuka wembe wa pale mwembeni alitetemeka. "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji," alituambia, na sijapata kusikia methali hiyo ikikaa mahali pake kama siku ile. Tukakatazwa kibaraza. Maafisa wa afya walikuwa wakishauri kila mtu aende na wembe wake mpya, na kuka alitii. Alinunua spiriti, akaanza kuuza nyembe kwenye karatasi zake. Lakini hofu haikungoja. Benchi likabaki na wazee wawili. Nami, nikitoka shule, nilipita upande wa pili wa barabara nikiangalia chini.

Baadaye nyumba ile ilibomolewa, ghorofa likasimama.

Mwezi uliopita nilipanda matatu kwenda Bungoma kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye. Nilikuwa nimeambiwa kuka yu hai, anaishi na mjukuu wake karibu na Kanduyi, si mbali na ile barabara pana ya kutoka Musikoma. Nilikuta chumba kidogo kilichopakwa rangi ya samawati. Mjukuu ananyoa kwa mashine ya umeme. Mzee anakaa mlangoni na redio. Kopo la Kimbo liko rafuni.

"Mulembe, kuka," nilimwamkia, nikajitambulisha kwa jina la babu yangu. Alinishika kichwa kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Kuka, wakati ule tulikatazwa..."

"Najua, mwanangu. Nilikuwa nikikuona ukihesabu mawe barabarani."

Akaamka polepole, akamwambia mjukuu azime mashine yake. Nilinunua wembe mpya duka la jirani, akaupokea bila kusema neno. Mkono wake ulitetemeka mpaka ulipogusa shingo yangu, kisha ukatulia. Mashine ya kopo iling'oa nywele kama zamani, nami nilitoa machozi kama zamani.

Nilipouliza bei, alisema shilingi kumi, na hataki mambo ya simu.