Kisiwa cha kijani, na mtoto asiyejibu kwa Kiswahili

Saa nne usiku jua ndiyo kwanza lilikuwa linazama Galway, na binti wa dada yangu, mwenye miaka saba, amekataa katakata kulala. Mzazi unayepanga kwenda Ayalandi Julai na watoto, beba pazia zito. Beba na makoti ya mvua, maana ukijani ule hauji bure. Viza ya Schengen nayo haikufikishi; nchi hiyo ina viza yake.

Dada ni muuguzi huko. Nilishukia Dublin, na kando ya mto Liffey nikakuta sanamu za watu waliokonda, mmoja amebeba mtoto mabegani. Ni kumbukumbu ya njaa iliyoanza 1845, ugonjwa ulipoozesha viazi mashambani. Watu wapatao milioni 1 walikufa, wengine milioni 1 wakahama, huku vyakula vingine vikiendelea kusafirishwa kwenda Uingereza. Nimeandika habari nyingi za utapiamlo, lakini pale nilisimama kimya.

Njaa ile iliumiza hata lugha, kwa kuwa wengi waliokufa au kuondoka walikuwa maskini wa magharibi, waliozungumza Kiayalandi. Tulikwenda huko, Connemara: kuta za mawe, kondoo waliopakwa rangi, vibao vya barabarani kwa Kiayalandi kitupu. Siku hizi watoto hukisoma shuleni. Dukani binti yetu alimsalimia mzee, "Dia duit", na uso wa mzee ukachangamka.

Nikamuuliza kwa Kiswahili nani kamfundisha. Akanijibu kwa Kiingereza.

"Nikitoka zamu ya usiku sina nguvu za kumrekebisha," dada alisema. Sikumlaumu. Ila mama yetu hupiga simu kutoka Morogoro kila Jumapili, na baada ya "Shikamoo bibi" mjukuu hana neno.

Jioni tulikwenda baa kusikiliza fidla na filimbi. Ndiyo, baa: huko watoto huruhusiwa na wazazi wao kabla usiku haujawa mkubwa, na tangu 2004 hakuna sigara ndani, kwa hiyo hutoki unakohoa. Hapo tukapatana: kila neno la Kiayalandi atakalonifundisha, nami nimlipe moja la Kiswahili.

Tulipoagana kituo cha basi akasema, "Slán, mama mdogo." Nikamlipa "kwaheri". Bado ananidai mawili.